Jipu

Jipu (wingi: majipu) ni uvimbe wa ngozi wenye maumivu na usaha, unaotokea bakteria wanapoingia katika kifuko cha unywele na kuzaliana humo. Huota mahali popote penye vinyweleo, hasa usoni, shingoni, kwapani, mapajani na makalioni. Viganja vya mikono na nyayo za miguu hazina vinyweleo, kwa hiyo majipu ya aina hii hayaoti huko.

Majipu mengi ni madogo na hupona ndani ya wiki moja hadi tatu. Hata hivyo jipu si la kudharauliwa. Likikamuliwa vibaya, likiota sehemu ya hatari, au likimpata mtu ambaye kinga ya mwili wake ni dhaifu, linaweza kupeleka bakteria katika damu na kusababisha kifo.

Jina na matumizi yake

Katika lugha ya kila siku jipu hutunga usaha, huiva, kisha hutumbuka. Mtu akilitoboa husemwa kwamba amelitumbua. Neno hilohilo hutumika kwa mikusanyiko mingine ya usaha mwilini, kama vile jipu la jino, jipu la titi kwa mama anayenyonyesha, na jipu la sindano, yaani lile linalotokea mahali palipochomwa sindano. Yako pia majipu ya ndani, kwa mfano ya ini. Makala hii inahusu hasa jipu la ngozi.

Katika siasa ya Tanzania neno hili lilipata maana mpya mwaka 2015. Rais John Magufuli, aliyeingia madarakani mwezi Novemba mwaka huo, alifananisha ubadhirifu na uzembe serikalini na majipu, na hatua ya kuwaondoa kazini wahusika ikaitwa kutumbua majipu. Tangu hapo mtu akisemwa "ametumbuliwa", wasikilizaji huelewa kwamba amefukuzwa kazi.

Msemo huo ulieleweka haraka kwa sababu ulitokana na jambo linalojulikana katika kila nyumba: jipu lililoiva halitulii mpaka usaha utoke. Kitabibu jambo hilo ni kweli, lakini ni nusu tu ya ukweli. Usaha lazima utoke. Ila wakati wa kuutoa, namna ya kuutoa na mtu anayeutoa ndiyo mambo yanayoamua kama mgonjwa atapona au ataumia zaidi.

Jinsi jipu linavyotokea

Kila unywele huota kutoka katika kifuko kidogo kilichozama ndani ya ngozi. Kando ya kifuko hicho ipo tezi ndogo inayotoa mafuta ya kulainisha ngozi. Kwa kawaida bakteria waliopo juu ya ngozi hawaleti madhara. Lakini ngozi ikichubuka, ikikwanguliwa kwa kucha, ikikatwa kwa wembe au ikilainika kwa jasho, bakteria hupata njia ya kushuka hadi ndani ya kifuko.

Wakifika humo huzaliana haraka na kutoa sumu zinazoharibu tishu za jirani. Mwili hujibu kwa kupeleka damu nyingi mahali hapo, ndiyo maana pale panavimba, panakuwa na joto na panauma. Pamoja na damu huja seli nyeupe, ambazo kazi yake ni kuwameza na kuwaua bakteria. Seli nyingi hufa katika mapambano hayo. Mchanganyiko wa seli nyeupe zilizokufa, bakteria, majimaji na tishu zilizooza ndio usaha.

Wakati huohuo mwili hujenga ukuta kuzunguka eneo lililoambukizwa ili bakteria wasisambae. Ukuta huu ni muhimu sana kwa kuelewa tiba, kwa sababu mbili:

- Unazuia bakteria wasitoke, lakini pia unazuia dawa zisiingie. Ndani ya usaha hakuna mishipa ya damu, hivyo dawa inayosafiri katika damu hufika humo kwa shida. Hii ndiyo sababu mtu anaweza kumeza vidonge kwa siku nyingi na jipu lililokwisha kutunga usaha lisipone.
- Ukibanwa kwa vidole, ukuta huu unaweza kupasuka kwa upande wa ndani badala ya nje. Hapo usaha husukumwa katika tishu nzima na katika mishipa ya damu, yaani mkamuaji anavunja ngome ambayo mwili wenyewe umeijenga.

Chanzo

Bakteria anayesababisha majipu mengi ni *Staphylococcus aureus*, anayeitwa kwa kifupi stafilokoki. Karibu watu 3 kati ya 10 wenye afya njema hubeba bakteria huyu puani bila kujua na bila kuugua. Kutoka puani huhamia vidoleni, na kutoka vidoleni huenda kwenye ngozi ya mtu mwenyewe au ya mwingine. Huweza pia kuishi kwa siku kadhaa kwenye taulo, shuka, nguo, wembe na mashine ya kunyolea.

Kwa hiyo jipu lenyewe halirithiwi, wala haliambukizwi kwa hewa kama mafua. Kinachoambukiza ni usaha na vitu vilivyogusana nao. Familia ambayo watu wake huota majipu kwa zamu mara nyingi ni familia inayotumia taulo moja au wembe mmoja.

Watu walio katika hatari zaidi

Mtu yeyote anaweza kupata jipu, lakini baadhi hupata kwa urahisi zaidi:

- wagonjwa wa kisukari. Sukari nyingi katika damu hudhoofisha kazi ya seli nyeupe. Majipu yanayorudiarudia yanaweza kuwa dalili ya kwanza ya kisukari ambacho mtu hajakijua;
- watu wanaoishi na VVU ambao hawajaanza dawa, au ambao kinga yao imeshuka;
- watoto wenye utapiamlo na watu wenye upungufu wa damu;
- watu wenye upele, ukurutu au ugonjwa mwingine wa ngozi unaowafanya wajikune;
- wanaotumia kwa muda mrefu dawa za jamii ya steroidi, zikiwemo zile zinazochanganywa kwa siri katika baadhi ya krimu za kujichubua;
- watu wanene, kwa sababu ya jasho na msuguano katika mikunjo ya ngozi;
- wanaoishi kwa kubanana, kama vile wanafunzi wa mabweni, wafungwa na askari kambini.

Dalili na hatua zake

Jipu hupita hatua zinazofuatana.

Kwanza hutokea kiuvimbe kidogo kigumu, kinachouma kikiguswa. Vitabu vingi vinaeleza kwamba ngozi huwa nyekundu. Maelezo hayo yameandikwa kwa kuangalia ngozi nyeupe. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani vizuri. Mahali pa jipu huonekana peusi zaidi, pa zambarau au panapong'aa kwa kuvutwa. Inafaa kutegemea zaidi mguso: joto, ugumu na maumivu.

Kwa muda wa siku kadhaa uvimbe hukua na kuwa na ukubwa wa punje ya hindi, kisha pengine wa limau dogo. Maumivu huongezeka na huweza kupwita kama mapigo ya moyo. Baadaye katikati hulainika, na hutokea kichwa cheupe au cha manjano. Hapo husemwa kwamba jipu limeiva.

Mwishowe ngozi ya juu hupasuka na usaha hutoka, mara nyingi pamoja na kiini, yaani kipande kigumu cha tishu iliyokufa. Maumivu hupungua mara moja. Shimo linalobaki hujaa taratibu kutoka chini kwenda juu, na huweza kuacha kovu au doa jeusi.

Mitoki, yaani tezi za limfu, huweza kuvimba karibu na jipu: mtu mwenye jipu la mguuni huvimba kinena, na mwenye jipu la mkononi huvimba kwapani. Hiyo ni dalili kwamba mwili unapambana, ila ikifuatana na homa inahitaji kuangaliwa na mtaalamu.

Aina

Jipu la kawaida huhusisha kifuko kimoja cha unywele na huwa na kichwa kimoja.

Jipu la vichwa vingi hutokea vifuko kadhaa vya jirani vinapoambukizwa na kuungana chini ya ngozi. Huwa kubwa, lenye matundu kadhaa yanayotoa usaha kama chujio, na huota zaidi kisogoni, mgongoni na mapajani. Huwapata hasa watu wazima na wagonjwa wa kisukari, nalo mara nyingi huleta homa. Halifai kutibiwa nyumbani.

Majipu sugu ya kwapa na kinena ni ugonjwa tofauti. Huanza mara nyingi baada ya kubalehe, hurudi mahali palepale kwa miaka, na huacha makovu na vijia vya usaha chini ya ngozi. Hausababishwi na uchafu, na mwenye nao asilaumiwe kwamba haogi. Unahitaji daktari wa ngozi.

Maradhi yanayofanana na jipu

Si kila uvimbe wenye kichwa ni jipu. Yafuatayo huchanganywa nalo mara kwa mara:

- Chunusi, ambazo ni ndogo, huwa nyingi, na hutokea zaidi usoni, kifuani na mgongoni kwa vijana.
- Kivimbe cha mafuta, ambacho hukua polepole kwa miezi au miaka, hakiumi, na hutembea kikisukumwa kwa kidole. Kikiambukizwa ndipo hufanana na jipu.
- Funza wa nzi. Nzi aitwaye *Cordylobia anthropophaga*, anayepatikana Afrika kusini mwa Sahara, hutaga mayai katika mchanga wenye mkojo au kinyesi na katika nguo zilizoanikwa zikiwa na unyevu, hasa kivulini. Lava hupenya ngozi bila mtu kuhisi na kukua humo kwa siku 8 hadi 12. Uvimbe wake una tundu dogo katikati linalotoa majimaji, na mgonjwa huhisi kitu kikichezacheza ndani. Tundu likifunikwa kwa mafuta mazito ya mgando, lava hukosa hewa na kujitokeza, ndipo huondolewa.
- Funza wa miguuni, ambaye ni kiroboto anayejichimbia hasa kwenye vidole vya miguu na kisigino.
- Kimeta, ambacho huwapata watu walioshika mnyama mgonjwa au nyama na ngozi yake. Huanza kama kipele, kisha hufanya kidonda chenye gamba jeusi katikati, kisichouma sana. Mtu mwenye dalili hizo aende hospitali mara moja.
- Kifua kikuu cha tezi, ambacho huvimbisha shingo taratibu kwa wiki nyingi bila joto kali la ngozi.

Imani kuhusu maembe na damu chafu

Katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki watoto huambiwa kwamba wakila maembe mengi wataota majipu. Hakuna uthibitisho kwamba tunda hilo likiliwa huleta majipu. Hata hivyo waliosema hivyo hawakuwa vipofu. Waliona mambo mawili yakitokea pamoja.

Katika mkoa wa Mtwara msimu wa maembe huangukia miezi ya joto kali na mwanzo wa mvua, kuanzia Novemba hivi. Huo ndio wakati ambao watu hutoka jasho jingi, nguo hazikauki vizuri, na nzi aliyetajwa hapo juu hupata unyevu anaoupenda. Zaidi ya hayo, utomvu wa mwembe huwasha ngozi ya baadhi ya watu. Mtoto akipaka utomvu mdomoni na shingoni, akajikuna kwa kucha chafu, bakteria wamefunguliwa mlango. Tatizo basi liko kwenye utomvu, jasho na kucha. Embe lililooshwa na kumenywa halina kosa.

Imani nyingine ni kwamba majipu huletwa na damu chafu, na kwamba mgonjwa anywe dawa ya kuharisha ili aisafishe. Kuharisha hakuondoi stafilokoki katika ngozi, bali humpunguzia mgonjwa maji na nguvu. Kama kuna jambo la kuchunguza katika damu ya mtu anayeota majipu mara kwa mara, ni kiwango cha sukari na hali ya VVU.

Hali ya kusini mwa Tanzania

Mazingira ya Nanyamba, mji ulio katika mkoa wa Mtwara, na ya maeneo yanayouzunguka yanaonyesha vizuri jinsi maisha ya watu yanavyohusiana na maambukizi ya ngozi.

Jambo la kwanza ni maji. Katika uwanda wa Makonde, unaojumuisha Newala na Tandahimba, ardhi ya mchanga hunyonya mvua upesi, na mito au chemchemi za juu ni chache. Kwa miaka mingi wenyeji walishuka mabondeni kuteka maji, na hata baada ya miradi ya mabomba ndoo ya maji imebaki kuwa kitu cha thamani. Penye uhaba wa maji mwili huoshwa kwa uchache, na taulo na shuka hufuliwa kwa nadra.

Jambo la pili ni korosho. Ganda la korosho lina mafuta makali yanayounguza ngozi. Wanaobangua kwa mikono, hasa wakinamama na watoto wanaochoma korosho nyumbani, hupata malengelenge na ngozi inayobanduka vidoleni, mikononi na usoni. Hayo si majipu, na huweza kutokea bila bakteria yeyote. Lakini ngozi iliyoungua ni rahisi kuambukizwa, na siku chache baadaye usaha unaweza kutunga. Mkorosho na mwembe ni miti ya jamii moja, *Anacardiaceae*, ndiyo maana utomvu wa yote miwili huwasha. Unga wa salfa unaopulizwa mashambani dhidi ya ubwiriunga nao huwasha ngozi na macho, hasa penye jasho.

Jambo la tatu ni pwani. Kwenye mikoko ya mlango wa mto Ruvuma na kwenye miamba ya bahari, wavuvi na wanaotafuta chaza na kaa hukatwa miguu na mikono mara kwa mara. Jeraha la baharini lioshwe kwa maji safi na sabuni hata kama ni dogo, kwa sababu maji ya bahari yana bakteria wengine wanaoweza kushambulia ngozi vikali.

Huduma ya kwanza ya jipu inapatikana katika zahanati na vituo vya afya. Wagonjwa wanaohitaji uchunguzi zaidi hupelekwa hospitali kubwa, kama vile Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Ligula mjini Mtwara au hospitali ya misheni ya Ndanda katika wilaya ya Masasi. Kwa magonjwa ya ngozi yaliyoshindikana, Tanzania ina kituo cha mafunzo ya tiba ya ngozi huko Moshi, katika hospitali ya KCMC, kilichoanza mwaka 1992 na kinachofundisha wataalamu kutoka nchi nyingi za Afrika.

Madhara

Bakteria wakivuka ukuta wa jipu wanaweza kusababisha:

- maambukizi ya ngozi ya jirani, ambayo huvimba, hupata joto na kuuma, na huenea kila siku;
- majipu ya ndani ya misuli, ambayo hutokea zaidi katika nchi za joto. Mgonjwa huwa na homa na maumivu makali ya paja, nyonga au mgongo, na juu ya ngozi pengine haonekani na kitu;
- maambukizi ya mifupa, hasa kwa watoto;
- maambukizi ya vali za moyo;
- maambukizi makali ya damu, yanayoweza kuua kwa siku chache.

Hatari ya pekee ni jipu la puani, la mdomo wa juu na la kati ya macho. Mishipa ya damu ya eneo hilo imeungana na mishipa iliyo ndani ya fuvu, karibu na ubongo. Kulikamua jipu la hapo kunaweza kusukuma bakteria hadi huko, damu ikaganda na ubongo kuambukizwa. Kabla ya kupatikana kwa antibiotiki wagonjwa waliofikia hali hiyo kwa kawaida walikufa.

Tiba

Nyumbani

Jipu dogo la mtu mwenye afya njema linaweza kutunzwa nyumbani. Njia iliyothibitika ni ileile waliyoitumia wazee, yaani kulikanda. Kitambaa safi huchovywa katika maji ya moto kiasi ambacho ngozi inavumilia, hukamuliwa na kuwekwa juu ya jipu kwa dakika 10 hadi 15, mara tatu au nne kwa siku. Joto huongeza damu mahali hapo na kusaidia jipu kuiva na kutumbuka lenyewe. Kitambaa hicho kisitumike kwa kazi nyingine mpaka kimechemshwa.

Jipu likitumbuka, usaha hupanguswa kwa kitambaa safi au pamba, mahali huoshwa kwa maji safi na sabuni, kisha hufunikwa kwa bandeji kavu inayobadilishwa kila siku. Mikono huoshwa kabla na baada. Vitambaa vyenye usaha vichomwe moto au vitupwe chooni. Parasetamoli husaidia kupunguza maumivu.

Haifai kulikamua jipu, wala kulitoboa kwa mwiba, sindano ya kushonea au wembe. Wembe uliotumiwa na mtu mwingine unaweza kuambukiza VVU na homa ya ini. Vilevile haifai kupaka udongo, majivu au kinyesi cha mnyama, kwa kuwa vitu hivyo vinaweza kubeba vijidudu vya pepopunda.

Hospitali

Jipu kubwa lililoiva hupasuliwa. Mhudumu husafisha ngozi, hupiga sindano ya ganzi, hukata kwa kisu kilichotakaswa, huruhusu usaha utoke, kisha huvunja vyumba vidogo vya ndani ili usaha usibaki. Kidonda hakishonwi. Huachwa wazi, pengine kikiwekewa gozi, ili kipone kutoka chini. Kikifungwa mapema, usaha hutunga tena chini ya kovu. Hiyo ndiyo maana ya kurudi kituoni kubadilisha bandeji, hata kama maumivu yamekwisha.

Ukata wa mtaalamu na ukamuaji wa nyumbani vyote hutoa usaha. Tofauti ni kwamba kisu hufungua njia ya kutokea nje bila kubana, wakati vidole hubana bila kujua usaha utaelekea wapi.

Dawa

Antibiotiki hazihitajiki kwa kila jipu. Hutolewa kama mgonjwa ana homa, kama ngozi ya jirani imeambukizwa, kama majipu ni mengi au yapo usoni, na kwa mtu ambaye kinga yake ni dhaifu. Wengi hununua amoksilini dukani bila kuandikiwa na tabibu. Dawa hiyo ikitumika peke yake mara nyingi haifai, kwa sababu stafilokoki wengi siku hizi hutengeneza kimeng'enya kinachoivunja. Tabibu anaweza kuchagua dawa nyingine, kama vile kloksasilini, au kupeleka usaha maabara ili ijulikane dawa ipi itafanya kazi. Dozi imalizwe kama ilivyoandikwa.

Dalili za kwenda hospitali bila kuchelewa

- homa, kutetemeka au kuishiwa nguvu;
- jipu la usoni, la karibu na jicho, la uti wa mgongo au la njia ya haja kubwa;
- jipu la mtoto mchanga;
- jipu la mgonjwa wa kisukari au mtu mwenye kinga dhaifu;
- uvimbe unaoenea haraka, au mstari unaotoka kwenye jipu kuelekea mwilini;
- maumivu makali ya kichwa, jicho kuvimba au kuchanganyikiwa;
- jipu ambalo halijapona baada ya wiki mbili, au majipu yanayorudi mara kwa mara.

Mama mwenye jipu la titi naye aende kituoni mapema. Kwa kawaida haachi kunyonyesha. Mhudumu humweleza namna ya kuendelea na, ikibidi, kukamua maziwa ya titi linalouma.

Kujikinga

- Kunawa mikono kwa sabuni. Mahali penye uhaba wa maji, kibuyu chirizi huwezesha familia nzima kunawa kwa maji machache.
- Kuoga baada ya kazi za jasho na kuvaa nguo zisizobana.
- Kila mtu kuwa na taulo na wembe wake, nyumbani na bwenini.
- Kumtaka kinyozi atakase mashine kwa spiriti kabla ya kuanza kunyoa.
- Kuosha mara moja kila mchubuko na kuufunika.
- Kukata kucha na kutibu upele mapema.
- Kuanika nguo juani hadi zikauke kabisa, na kuzipiga pasi pande zote pamoja na mishono. Joto la pasi huua mayai ya nzi.
- Kupaka mafuta ya kula au kuvaa glavu kabla ya kubangua korosho, na kuepuka moshi wake.
- Kupima sukari kama majipu yanarudi.

Historia

Majipu yamewasumbua watu tangu zamani. Biblia inayataja kati ya mapigo ya Misri, katika mateso ya Ayubu, na katika ugonjwa wa mfalme Hezekia, ambaye jipu lake liliwekewa mkate wa tini.

Chanzo chake kilijulikana katika karne ya 19. Mwaka 1880 daktari mpasuaji Alexander Ogston wa Aberdeen, Uskoti, alichunguza kwa hadubini usaha wa wagonjwa wake na kuona vijidudu vya mviringo vilivyoshikana kama zabibu. Mwaka 1882 alivipa jina la staphylococcus, kutokana na maneno ya Kigiriki yenye maana ya kichala cha zabibu na punje. Mwaka 1884 Mjerumani Friedrich Rosenbach alivikuza na kuviita aureus, yaani vya dhahabu, kwa sababu ya rangi yake.

Bakteria huyohuyo alikuwa katika chombo cha maabara cha Alexander Fleming huko London mwaka 1928, ukungu ulipoota na kumuua. Kutokana na ukungu huo ilipatikana penisilini, iliyoanza kutibu wagonjwa katika miaka ya 1940. Muda haukupita stafilokoki wakaanza kuwa sugu. Methisilini ilipoletwa mwaka 1959 ili kuwashinda, usugu dhidi yake uliripotiwa Uingereza mwaka 1961. Leo stafilokoki sugu wapo duniani kote, Afrika Mashariki ikiwemo, na kila dozi inayonunuliwa bila sababu au kuachwa katikati huwapa nafasi ya kuongezeka.